Kushona Mkoba kwa Jinzi ya Mtumba

Robota la mitumba linapofunguliwa katika soko la Gikomba, jijini Nairobi, nguo nzuri kuliko zote, ambazo wafanyabiashara huziita kamera, hugombewa mwanzoni kabisa, na zile zinazobaki baada ya wanunuzi wote kupita huitwa fagia. Mshonaji wa mikoba hana haja ya kamera. Suruali pana ya kiume iliyokataliwa kwa sababu zipu imekufa au goti limechanika bado ina kitambaa kizima cha kutosha, mradi ajue pa kukitafuta.

Ingiza mkono ndani ya mguu wa suruali, uinyanyue kuelekea juani, kisha ukague mapaja kwa ndani, makalio na magoti. Popote mwanga unapopenya, nyuzi zimekwisha, na hata ukipashona vizuri namna gani patachanika. Kitambaa imara kwa kawaida hupatikana chini ya magoti na ubavuni kwa nje. Jinzi inayovutika iache, kwa kuwa mkoba wake hulegea mara tu unapotiwa simu na funguo. Kwa ajili ya bitana, yaani kitambaa cha ndani ya mkoba, nunua shati la pamba na utumie mgongo wake, ambao hauna vifungo wala mifuko.

Fua nguo zote mbili kwa maji ya moto kabla ya kupima chochote. Kitambaa kikishonwa kabla ya kufuliwa, bitana inaweza kusinyaa baadaye na kuuvuta mkoba wote upinde. Mimi mwenyewe nimewahi kufumua mkoba mzima kwa kosa hilo. Zikikauka, zipige pasi, ufumue mshono wa ubavuni kwa wembe, kisha ukate kando ya ule wa ndani ya mguu, ambao umekunjwa na kushonwa mara mbili, hivyo kuufumua ni kupoteza muda.

Kutoka mguu mmoja kata vipande viwili vya sentimita 24 kwa 20, na vingine viwili vya ukubwa huohuo kutoka kwenye shati. Mguu wa pili utatoa ukanda wa bega: utepe wa mita moja wenye upana wa sentimita 5, uambatane na utepe kama huo wa shati, hata ukiuunga. Kunja kingo zote ndani sentimita moja, zipige pasi, kisha shona tepe hizo pamoja pande zote mbili. Ukanda wa jinzi tupu ungekuwa mnene mno kwa cherehani ya nyumbani.

Tumia sindano namba 16 na uzi wa poliesta. Chukua zipu ya nailoni ya sentimita 30, uilaze kifudifudi kwenye ukingo wa juu wa uso wa jinzi, uifunike kwa bitana iliyoelekeza uso chini, kisha shona tabaka zote tatu kwa pamoja. Rudia upande wa pili, ufunue vitambaa, upige pasi na kushona tena kando ya zipu ili bitana isinaswe na meno yake.

Sasa fungua zipu hadi katikati; ukisahau, hutaweza kuugeuza mkoba. Kutanisha uso wa jinzi kwa jinzi na wa bitana kwa bitana, uweke ukanda ndani ya jinzi, ncha zake zikitokeza kidogo pande zote mbili chini ya zipu. Shona kuzunguka, ukiacha sentimita 12 wazi chini ya bitana. Unapofika kwenye zipu na ukanda, ondoa mguu kwenye pedali na uzungushe gurudumu kwa mkono, kwa sababu hapo ndipo sindano huvunjika. Kata ncha za zipu zilizozidi, punguza pembe, ugeuze mkoba kupitia uwazi ule, kisha uuzibe kwa mishono midogo ya mkono.