Toa upepo kabla hujaianza barabara ya Segera

Wenzangu wa malori hapa Tanga, ukibadilisha wota pampu au mpira wa rejeta, usijaze maji tu ukafunga kifuniko ukaondoka. Upepo uliobaki ndani ya mfumo wa kupoza injini unaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi, ile ya kuziba kati ya injini na kichwa chake, huku mshale wa joto umetulia, maana sensa iliyozungukwa na hewa haisomi sawasawa.

Injini ikiwa baridi, fungua hita hadi mwisho. Najua kwa joto letu hili hakuna anayeigusa, lakini upepo hupenda kujificha humo. Legeza skrubu ya kutolea upepo, mara nyingi iko karibu na thamostati (vali inayofungulia maji njia injini ikipata moto), kisha mimina kulanti, yaani maji ya kupoza injini, polepole, polepole kabisa. Itatema mapovu, itakohoa. Subiri utoke mkondo usiokatika ndipo ukaze. Washa bila kukanyaga mafuta mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto, hapo thamostati imefunguka. Hita ikipuliza baridi wakati injini imechemka, upepo bado upo. Zima, na kifuniko usikiguse mpaka ipoe, tafadhali sana, mvuke ule unababua uso. Asubuhi pima tena, mara nyingi kina cha kulanti kitakuwa kimeshuka kidogo.