Kukadiria thamani ya maji katika shamba la umwagiliaji: mwongozo wa hatua kwa hatua

Viongozi wa vikundi vya watumiaji maji hutaka kujua skimu yao, yaani mradi wao wa umwagiliaji, inaingiza shilingi ngapi kwa mwaka, na wengi hujibu kwa kuhesabu magunia yote na kuyazidisha kwa bei. Hesabu hiyo inatoa thamani ya mavuno tu. Hata pasipokuwa na mfereji, mkulima angepanda kitu na kuvuna kitu. Kwa hiyo thamani ya maji ni kile kilichoongezeka juu ya hicho.

Hatua ya kwanza: chagua mashamba, na uyafuatilie mwaka mzima. Sehemu kubwa ya Uganda ina misimu miwili ya mvua, na faida kubwa ya mfereji mara nyingi iko katika msimu ambao mvua yake haiaminiki. Ukipima msimu mmoja utaikosa. Chukua mashamba ya mwanzo wa mfereji, ya katikati na ya mwisho, kwa sababu wa mwisho ndiye anayekosa maji kwanza, na takwimu zinazotoka kwa walio karibu na banio, yaani mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, peke yao huipamba skimu isivyostahili.

Hatua ya pili: pima uzito mwenyewe. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, na ninaomba msomaji asipite haraka. Katika skimu ya mpunga ya Doho, wilayani Butaleja, mama mmoja aliniambia amevuna magunia kumi na mawili, nami nikaandika kilo 1,200 kama tulivyozoea. Tulipoweka magunia matano kwenye mizani, hakuna hata moja lililokuwa na kilo 100. Mengine yalijazwa hadi mdomo ukashonwa kwa kamba, na jepesi kuliko yote lilikuwa na kilo 109. Pima pia unyevu, kwani mpunga uliotoka kupurwa una maji mengi. Ili kuurudisha kwenye unyevu wa asilimia 14, kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zidisha kwa 80 kisha gawanya kwa 86: zinabaki kilo 93.

Hatua ya tatu: tumia bei ya shambani, yaani ile mkulima aliyolipwa, kabla ya usafiri na faida ya mchuuzi. Chakula kilicholiwa nyumbani, mbegu iliyowekwa na magunia yaliyolipa deni vyote vipewe bei hiyo hiyo.

Hatua ya nne: toa gharama. Mbegu, mbolea, dawa, kulima na vibarua havina shida, kwani watu huvikumbuka. Kinachosahauliwa ni kazi ya familia: mama na watoto wanaofukuza ndege tangu alfajiri wiki kwa wiki. Ihesabu kwa ujira wa kibarua wa kijiji hicho. Ada ya maji na siku za kuzibua mifereji ziingie pia, mara moja tu. Mto Manafwa unaolisha Doho hushusha tope kutoka Mlima Elgon, na kulitoa ni gharama ya kila mwaka.

Hatua ya tano: tafuta shamba la kulinganisha, jirani, lenye udongo wa aina moja, linalotegemea mvua. Usilinganishe skimu ya Mubuku, iliyoko Kasese kwenye kivuli cha mvua cha Rwenzori, yaani upande ambao milima huuzuilia mvua, na shamba la wilaya yenye mvua tele. Wala usilazimishe zao liwe lile lile: uliza jirani hupanda nini kwa kweli.

Hatua ya sita: toa na ugawanye. Tuchukue mfano wa kufundishia. Ekari ya mfereji inatoa kilo 1,600 za mpunga kwa msimu, kwa bei ya shilingi 1,500 kwa kilo. Gharama ni 1,400,000, salio 1,000,000, na kwa misimu miwili 2,000,000. Jirani anavuna mpunga wa mvua kilo 900 mara moja, kwa gharama ya 850,000, anabaki na 500,000. Maharage ya msimu wa pili yanamwongezea 300,000. Tofauti ni shilingi 1,200,000.

Sasa pima maji. Tupa kipande cha mti mkavu mferejini na uhesabu sekunde kwa mita kumi. Kikichukua sekunde 25, kasi ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Izidishe kwa 0.85, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole, kisha kwa upana na kina. Mfereji wa upana wa mita 0.5 na kina cha mita 0.2 unapitisha lita 34 kwa sekunde. Zidisha kwa muda wa zamu za shamba hilo. Ikiwa ekari yetu ilipokea mita za ujazo 8,000 kwa mwaka, kila moja imeongeza shilingi 150.

Hatua ya saba: rudia hesabu kwa bei ya chini, ile ya wiki ambayo kila mtu anavuna. Mpunga ukishuka hadi shilingi 1,200, ekari ya mfereji inabaki na 1,040,000 na ya jirani 530,000. Bei imepungua kwa moja ya tano, lakini thamani ya mita moja ya ujazo ya maji imeanguka kutoka shilingi 150 hadi 64. Andika takwimu zote mbili kwenye ripoti, na kando ya kila moja uandike bei iliyotumika na wiki iliyochukuliwa.