Kabla ya kupima utumbo mpana, kaa na wazee kwanza

Ukimwambia daktari kwamba kwenu kuna saratani ya utumbo mpana, atataka kujua nani aliugua, na aligunduliwa akiwa na umri gani. Hapo wengi hukwama. Ndiyo maana maandalizi ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa, huanzia nyumbani, kabla hata ya kuulizia bei.

Katika familia nyingi ugonjwa huu umezikwa kwa majina mengine: bawasiri isiyopona, vidonda vya tumbo, au "alirogwa". Keti na shangazi au mama mkubwa, uulize kwa upole. Alikuwa anapata choo chenye damu? Alikonda? Alipasuliwa tumbo? Ulizia pia saratani ya mji wa mimba, kwa sababu ipo hali ya kurithi iitwayo sindromu ya Lynch inayoongeza hatari ya zote mbili. Umri ukisahaulika, tafuta tukio. Aliyezaliwa mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, 1961, akaugua wakati wa mvua za El Niño mwishoni mwa 1997, alikuwa na miaka 36 hivi.

Jingine: sisi huita watu wengi baba, mama na kaka. Daktari anaanza na mzazi aliyekuzaa, ndugu wa baba na mama mmoja, na mtoto wako wa kumzaa. Baba mdogo na binamu wataje pia, ila eleza wazi ni nani kwako. Shemeji hayumo, damu si moja.

Miongozo ya Marekani inasema mmoja wa hao wa karibu akigunduliwa kabla ya miaka 60, wewe uanze kolonoskopi ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao, lolote litakalotangulia, kisha urudie kila miaka 5. Dada yako aligunduliwa akiwa na 44? Wewe anza na 34. Penye sindromu ya Lynch huanzwa mapema zaidi, mara nyingi kwenye miaka ya ishirini. Sababu ni kwamba saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo, polipi, ambacho huchukua miaka kugeuka, na kikionekana kwenye kipimo huweza kukatwa papo hapo. Basi uliza mapema kama bei au bima inajumuisha kukata na kupeleka sampuli maabara. Na kama tayari unapata choo chenye damu, usisubiri umri wowote. Nenda sasa.

Ukishapangiwa siku, mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kisukari, za kuzuia damu kuganda na vidonge vya madini ya chuma. Usiache yoyote kwa uamuzi wako. Siku mbili tatu kabla, weka kando mchicha, maharage, ugali wa dona, mapera na pasheni. Kula wali mweupe, mayai, samaki. Siku ya mwisho kwa kawaida ni vinywaji vyepesi tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu. Chochote chekundu au cha zambarau kiache, kinaweza kudhaniwa damu.

Dawa ya kusafisha tumbo ndiyo kazi yenyewe, na mara nyingi hugawanywa jioni na alfajiri. Ukiishi nyumba ya kupanga yenye choo cha pamoja, ongea na majirani au ukalale kwa ndugu usiku huo. Jaza ndoo za maji, nunua mafuta ya mgando, maana ngozi itachubuka. Usikatishe dawa kwa kuona umeshaharisha vya kutosha. Unachotoa kiwe kimiminika cha njano kisicho na mashapo, la sivyo daktari haoni kitu na utarudia yote.

Nenda na mtu mzima wa kukurudisha. Ukipewa dawa ya usingizi usiendeshe gari siku hiyo, wala usipande bodaboda peke yako. Omba majibu kwa maandishi, pamoja na tarehe ya kurudi, na ndugu zako wa tumbo moja uwapigie simu jioni hiyohiyo.