Jinsi ya kuingia izakaya ukiwa mgeni, tena peke yako

Wenzangu wengi wakifika Osaka hupelekwa usiku wa kwanza kwenye baa za wageni, zile zenye menyu ya Kiingereza na mpira kwenye televisheni. Wiki ya pili utawasikia wakisema Wajapani hawaongei na mtu. Wanaongea, tena sana. Ila huongea jioni, wakiwa wamekaa mbele ya jiko kwenye vibaa vya viti vinane ambavyo ukiwa nje huoni ndani kuna nini. Mlango huo ndio unaotushinda. Mimi ulinishinda miezi mitano. Nilikuwa napita, nasikia vicheko, nanusa kuku anayechomwa, kisha naenda zangu kununua wali wa dukani.

Izakaya ni baa ya kula na kunywa kwa pamoja. Hakuna anayekunywa bila kuweka kitu mezani. Umri wa kunywa pombe Japani ni miaka 20, hata baada ya umri wa utu uzima kushushwa hadi 18 mwaka 2022, kwa hiyo ukiwa na sura ya kitoto beba kitambulisho. Na kama hunywi, usiache kusoma. Wapo Wajapani wengi wanaokaa humo jioni nzima na chai.

Hatua ya 1: Chagua siku, saa na mlango

Nenda Jumanne au Jumatano, saa 11 na nusu jioni. Ijumaa watu wa maofisini huja makundi makundi, na mwenye baa hana nafasi ya kuhangaika na mgeni asiyejua lugha. Nenda peke yako, au wawili mkizidi sana. Wabongo watano mlangoni ni viti vitano kati ya vinane.

Tafuta taa nyekundu ya karatasi. Najua kwetu taa nyekundu ina maana nyingine. Hapa ni kuku na bia tu. Kisha tazama noren, lile pazia fupi la mlangoni. Likining'inia nje, pamefunguliwa. Likiwa limetundikwa ndani, bado au wamefunga. Ukiona kibao cha 会員制, hapo ni kwa wanachama, pita.

Kwa Osaka naanzisha watu Tenma, kwenye vichochoro vya karibu na stesheni, au Shinsekai chini ya mnara wa Tsutenkaku. Tokyo kuna Omoide Yokocho, ubavuni mwa stesheni ya Shinjuku. Golden Gai yenye baa zaidi ya 200 kila mtu ataitaja, lakini mimi siipendekezi kwa usiku wa kwanza: baa nyingi pale hutoza ada ya kiti, na aliyekaa kando yako ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtalii kama wewe.

Jambo moja sitaki ulisahau: usimfuate mpiga debe. Anayekusimamisha barabarani na kukuahidi bia za bei chee, hata akisema Kiingereza kitamu, hata akisema yeye ni Mwafrika mwenzako, mwache. Mchezo wa kukupandishia bili ukiwa tayari umekaa una jina lake kabisa, bottakuri, na Kabukicho, mtaa wa starehe wa Tokyo, vipaza sauti vya mtaani huwaonya watu usiku kucha. Baa nzuri ya viti vinane haina haja ya mpiga debe.

Hatua ya 2: Vuka mlango

Mlango husukumwa kando, hauvutwi. Nimeshuhudia mtu akiuvuta mpaka mwenye baa akatoka kumsaidia.

Ukiingia, jiko zima litapaza sauti: "Irasshai!" Hukuitwa jina, usishtuke. Inua kidole kimoja, sema "Hitori desu", yaani niko peke yangu, kisha simama hapo hapo mpaka uonyeshwe kiti. Usijikalie. Ongeza "Nihongo, sukoshi", Kijapani kidogo tu. Maneno hayo mawili hufanya kazi kubwa, kwa sababu mara nyingi hofu ya mwenye baa ni kwamba utamwongelesha Kiingereza naye ataaibika mbele ya wateja wake.

Akikunja mikono mfano wa herufi X kifuani, hapana. Inaweza kuwa viti vimewekewa watu, inaweza kuwa ile hofu niliyoisema, na siku nyingine ni kile unachokifikiria wewe. Huwezi kujua, na kubishana mlangoni hakujamfungulia mtu. Inamisha kichwa, nenda mlango wa pili. Mimi usiku wangu wa kwanza nilikubaliwa mlango wa tatu.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, kaa kaunta, mbele ya anayechoma. Hapo ndipo mazungumzo yalipo. Kwenye meza za mikeka unavua viatu, basi vaa soksi zisizo na matundu. Moshi unaweza kuukuta: sheria iliyoanza Aprili 2020 ilibana uvutaji ndani ya migahawa, lakini vibaa vidogo vilivyokuwepo tangu zamani vingi viliachiwa.

Hatua ya 3: Pokea taulo, na usikirudishe kile kibakuli

Kwanza utapewa oshibori, kitaulo chenye maji. Futa mikono. Uso utawaona wazee wakifuta, wewe acha.

Kisha huja kibakuli kidogo ambacho hukuagiza: labda kabeji na ufuta, labda vipande vya pweza, labda viazi vilivyopondwa. Hapo ndipo nilipojiaibisha. Nilikisukuma nikasema sikuagiza. Kikarudi. Nikakisukuma tena. Bili ilipokuja nikaona yeni 400 zisizo na maelezo, nikaanza kuhesabu kwa sauti vijiti vyangu vya kuku kimoja kimoja, nikiamini kabisa naibiwa kwa sababu ni mgeni. Mzee aliyekaa kiti cha kando alinitazama muda, akagonga kiti chake kwa kiganja: "Isu. Isu." Kiti. Kiti.

Ndiyo kodi ya kiti. Tokyo wanaiita otoshi, huku kwetu Osaka tsukidashi, na kwa kawaida ni yeni 300 hadi 500 kwa kichwa. Kila mtu hulipa, hata yule mzee. Kwa hiyo kile kibakuli ni chako, ukile.

Hatua ya 4: Agiza kinywaji kabla ya kitu kingine chochote

Mwenye baa anasubiri kinywaji. Usimweke dakika kumi ukisoma ukuta. Wenyeji husema "Toriaezu, nama", yaani kwa kuanzia, bia ya pipa. Usiyekunywa sema "Uron-cha": chai baridi ya rangi ya kahawia isiyo na sukari, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Baadaye ukitaka kubadilisha, haiboru ni wiski na soda, remon sawa ni pombe nyepesi ya limau inayoteremka kama juisi, na ndiyo imewaangusha vijana wetu wengi. Shochu huwa na nguvu ya asilimia 25 hivi, nao huichanganya na maji ya moto au barafu. Wale wenzangu wa Konyagi, msijitie ubingwa hapa.

Nihonshu, pombe ya mchele, huwa asilimia 15 au zaidi kidogo. Kipimo chake ni "go", mililita 180. Baa nyingine huweka glasi ndani ya kisanduku cha mbao na kumimina mpaka inafurika. Hajakosea, huo ndio ukarimu wenyewe. Usiinyanyue, utaimwaga. Inama, fyonza kwanza juu, ndipo uishike. Ile iliyofurikia kisandukuni nayo ni yako.

Kumwita mhudumu, paza sauti: "Sumimasen!" Kwa nchi yenye ukimya kama huu utaona aibu, lakini ndivyo wanavyoita. Usimpigie mluzi wala "psii".

Hatua ya 5: Chakula, na wewe Mwislamu soma hapa

Menyu ziko ukutani kwenye vikaratasi, zimeandikwa kwa mkono. Simu hutafsiri vibaya mwandiko huo, basi jifunze tarakimu: 一 二 三 四 五 六 七 八 九 十. Ukiona 三八〇円 ni yeni 380. Mengine elekeza kidole kwa jirani na useme "Onaji mono", kama hicho.

Yakitori sitaieleza sana kwa mtu aliyekulia kwenye mishikaki. Ni kuku kwenye kijiti, juu ya mkaa. Tofauti ni kwamba kuku mzima ana majina: momo ni paja, kawa ngozi, hatsu moyo, reba maini, sunagimo firigisi, bonjiri kile kimkia. Utaulizwa "Shio? Tare?" Chumvi, au mchuzi mtamu wa soya. Firigisi kwa chumvi, tafadhali. Wenyeji hushangaa mgeni akiagiza sunagimo, wala hawajui kwamba kwetu firigisi haiachwi mezani bila ugomvi. Motsu-nikomi nayo ni supu ya utumbo, ingawa mara nyingi utumbo huo ni wa nguruwe.

Sasa ukweli. Kwa anayefuata halali, izakaya ya kawaida ni pagumu. Butabara ni kitimoto, na hukaa jiko moja na kuku. Tare hutiwa pombe ya mapishi, na hata kuku wa chumvi hakuchinjwa unavyotaka. Agiza edamame, maganda ya soya changa yaliyochemshwa kwa chumvi, ufurahie watu. Na kwa wote: ukiletewa kuku mbichi aliyekatwa kama samaki, na zipo sehemu wanakula, shukuru na uache. Tumbo lako halina uzoefu huo.

Vijiti usivisimamishe wima kwenye wali, wala usimpokeze mtu nyama kijiti kwa kijiti. Yote mawili ni mambo ya msibani. Mifupa ya marehemu aliyechomwa hupokezanwa hivyo. Shinsekai kwenye kushikatsu, mishikaki ya kukaangwa, mchuzi wa pamoja chovya mara moja tu, kabla hujaung'ata mshikaki. Siku hizi nyingi wameweka chupa ili kuepusha kesi.

Hatua ya 6: Ngoja uongeleshwe

Dakika ishirini za kwanza kula na utazame. Mpishi muite "Taisho". Mwenye baa mwanamke, hasa kwenye zile baa za karaoke wanazoziita sunakku, huitwa "Mama", na hilo litakutoka mdomoni bila kujifunza.

Swali litakuja: "Dochira kara?" Umetoka wapi? Sema Tanzania, na mtu atajibu "Kirimanjaro!" Hamaanishi mlima peke yake: kahawa yetu huuzwa Japani kwa jina hilo. Mkenya atatajiwa ekiden, mbio zao za kupokezana, maana vijana wa Kenya wamezikimbia huku miaka mingi. Yule mzee wa "isu, isu" nilipomwambia nchi yangu aliweka glasi chini akasema "Ikangaa". Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni! Mwaka 1983 kwenye marathoni ya Fukuoka aliongoza na kuwachosha wote, wakaingia uwanjani yeye na Mjapani Toshihiko Seko, na Seko akachomoka mwishoni akamshinda kwa sekunde 3. Ikangaa akaja kushinda Tokyo mwaka 1984 na 1986. Mimi sikuwa nimezaliwa, nikajifanya nakumbuka.

Mzee akikumiminia, shika glasi kwa mikono miwili, kisha mmiminie na wewe. Kujimiminia mwenyewe mkiwa pamoja si vizuri. Mkigonga "Kanpai!" glasi yako iwe chini kidogo ya yake. Ni shikamoo ya glasi, basi. Usinunulie baa nzima raundi, utawaweka kwenye deni. Ukitaka kushukuru, mpe mpishi kinywaji: "Taisho mo, ippai?", yaani na wewe Taisho, glasi moja? Picha, uliza kwanza.

Hatua ya 7: Lipa, ondoka

Kwenye viti vinane, kukaa muda wa saa moja na nusu kunatosha. Pishanisha vidole viwili vya shahada kufanya X, au sema "Okaikei". Beba noti, kadi nyingi za kwetu hazitasaidia humo. Vinywaji viwili, vijiti vinne au vitano na kile kibakuli, mimi hutoka na yeni 2,500 hadi 3,000. Bakshishi hakuna, ukiacha sarafu mezani utakimbizwa mtaani urudishiwe. Mlangoni sema "Gochisosama deshita", asante kwa chakula, uone jiko linavyoitikia.

Hatua ya 8: Nyumbani

Treni ya mwisho ni karibu saa 6 usiku, ya kwanza ni kama saa 11 alfajiri, na teksi baada ya saa 4 usiku huongeza asilimia 20.

Ukija na baiskeli, isukume. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, ukiendesha baiskeli ukiwa na miligramu 0.15 za pombe kwa lita moja ya pumzi, ni kifungo cha hadi miaka 3 au faini ya hadi yeni 500,000, na anayekunywesha akijua utaendesha naye ana kesi. Ndiyo maana Taisho wangu huuliza kila mtu kabla ya glasi ya pili. Mimi na yule mzee tunakaa njia moja. Jumatano yeye husukuma baiskeli yake, nami yangu, kwa dakika ishirini na tano, na mpaka leo bado ananidai maelezo kwa nini Ikangaa hakuchomoka mapema zaidi.