Dizeli ya mbono kaburi: pima asidi kwanza

Mbegu kavu kilo 4 hadi 5 hutoa takriban lita 1 ya mafuta kwa mashine ya mkono. Mashudu ni sumu kwa mifugo; yafanye mbolea.

Chuja mafuta, yapashe moto hadi nyuzi 110 mpaka yaache kutoa mapovu. Maji yakibaki humo, utapata sabuni.

Kipimo cha asidi ndicho kinachoamua mengine yote, maana mbegu zilizokaa na unyevu ghalani hutoa mafuta makali. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda katika lita 1 ya maji safi. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, dondoshea fenolftaleni (dawa ya kuonyesha rangi) matone 2. Kwa bomba la sindano, ongeza yale maji ya kostiki taratibu hadi rangi ya waridi idumu sekunde 15. Mililita ulizotumia jumlisha 3.5: hizo ndizo gramu za kostiki kwa kila lita. Zikiwa mililita 2, lita 10 za mafuta zinataka gramu 55. Zikizidi 5, usilazimishe. Mafuta hayo pikia sabuni. Kostiki iliyoshika unyevu ikawa donge hudanganya mizani.

Kwa lita 10, yeyusha kostiki katika lita 2 za methanoli, ndani ya chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko. Sufuria ya aluminiamu haifai kabisa, kostiki huitafuna. Methanoli hupofusha, hupenya ngozini, na ndimi zake za moto hazionekani mchana: fanyia nje, na glavu na miwani.

Mafuta yakifika nyuzi 55, zima jiko ndipo umimine ile methanoli yenye kostiki. Methanoli huchemka karibu na 65. Funika, koroga saa 1, acha usiku kucha. Gliserini nyeusi itatuama chini. Itoe.

Osha kwa maji ya vuguvugu, ukinyunyiza tu. Ukikoroga kwa nguvu mara ya kwanza, yatakuwa uji mweupe; tia maji ya chumvi, usubiri. Rudia hadi maji yatoke angavu, kisha kausha kwa moto mdogo.

Jaribu mililita 3 katika 27 za methanoli, kwenye nyuzi 20 hivi. Matone yakizama, bado kuna mafuta ghafi: rudia kwa methanoli na kostiki kidogo.

Kwenye injini kuukuu, angalia mipira ya mafuta, na uwe na filta ya akiba. Dizeli hii hung'oa uchafu wa zamani tangini.