Bimu na solidi kwenye meshi moja bila nguzo kulegea pale zinapokutana

Wadau, swali la jinsi ya kuunga bimu na solidi kwenye modeli moja ya kompyuta nimeulizwa sana na vijana wanaochora minara ya matenki uku Kigoma, na mimi mwenyewe zamani lilinila siku tatu nzima kwaiyo naliandika kwa kirefu. Chukua mnara wa chuma wa mita 6, miguu minne ya skwea paipu ya 100 kwa 100 unene mm 5, juu kuna tenki la lita 5000, likijaa maji peke yake ni tani 5, kama kilonyutoni 49, alafu upepo wa ziwani unaupiga ubavuni. Kumeshi ni kuigawa modeli vipande vidogo (elementi) vinavyokutana kwenye nukta (nodi); solidi ni vipande vyenye umbo kamili la chuma, bimu ni mstari tu unaosimama badala ya nguzo. Ukiumeshi wote kwa solidi laptopu inazidiwa, maana ukuta wa mm 5 unataka elementi ndogo ndogo toka chini mpaka juu. Ukiumeshi wote kwa bimu unamaliza fasta lakini besi pleti (bamba la chini ya nguzo) na matundu ya bolti, yaani pale hasa unapotaka kupajua, huoni kitu. Ndo maana tunachanganya: nguzo na bresi (vyuma vya mshazari vinavyozikaza) ziwe bimu, sentimita 30 za chini pamoja na besi pleti ziwe solidi.

Sasa shida iko hapa. Nodi ya bimu ina namna sita za kusogea, tatu za kwenda na tatu za kuzunguka. Nodi ya solidi inajua kwenda tu, kuzunguka haijui kabisa. Ukizikutanisha nodi moja kwa moja nguvu inapita vizuri ila momenti (ile nguvu ya kupinda) haipiti, umetengeneza bawaba bila kujua. Programu inaweza kukugomea iseme matriksi ni singula, yaani hesabu haina jibu, na hapo una bahati, kwa sababu mnara ukiwa na bresi inaweza isigome kabisa, ikakupa rangi nzuri na majibu ya uongo. Mimi ndo kilichonikuta, nguzo zilikuwa zinapinda kupita kiasi nikawa nahangaika kuongeza unene wa paipu wakati kosa lilikuwa kiungo. Na kwa paipu ni balaa zaidi, katikati ni uwazi, hakuna nodi ya solidi ya kushika, kwaiyo mtu anaiburuta bimu mpaka kwenye ukuta na mzigo unakuwa umehama senta.

Dawa yake: mwisho wa bimu uweke nodi katikati ya uwazi, sawa na usawa wa uso wa juu wa kile kipande cha solidi, alafu ifunge na nodi zote za uso ule, utaona mistari imetawanyika kama miguu ya buibui. Momenti sasa inageuka kuwa upande mmoja unavuta na mwingine unasukuma, na iyo solidi inaielewa.

Buibui wako wa aina mbili na hapa usichague kwa kubahatisha. Yule mgumu, kwenye programu ya Nastran ni RBE2, anafanya uso wote uende kama kipande kimoja, hauwezi kutanuka wala kujikunja, kwaiyo anaongeza ugumu na karibu yake kuna mkazo ambao kwenye chuma halisi haupo. Yule wa wastani, RBE3, anagawa mzigo kwa nodi bila kuongeza ugumu. Kwa nguzo iliyokatwa katikati kama hii mgumu anafaa, maana paipu lenyewe linaendelea juu na ule uso kweli unabaki bapa. Kwa mzigo tu unaotua juu ya pleti laini tumia wa wastani. Kwenye programu ya Abaqus utazikuta kama kinematic na distributing coupling, na programu ya Code_Aster ya bure kutoka Ufaransa ina LIAISON_ELEM yenye chaguo la 3D_POU, imetengenezwa kwa kazi hii hii.

Kuna wanaozamisha bimu ndani ya solidi, mfano nguzo ndani ya zege, wakigawana nodi mbili tatu. Kupinda inazuia, lakini nodi zote ziko kwenye mstari mmoja kwaiyo bimu bado inajizungusha kwenye mhimili wake kama mshikaki, lazima uiwekee mkono, yaani kipande cha bimu kinachotoka pembeni na kushika nodi nyingine ya solidi. Na uzito pale unahesabiwa mara mbili, maana bimu na solidi zimekaa nafasi moja.

Pa kukata, yaani bimu inapoishia na solidi inapoanza, napo pana maana. Saint-Venant, mhandisi wa Ufaransa, alishasema toka 1855 kwamba vurugu za pale mzigo unapoingia zinaisha ukienda mbali kidogo, kwaiyo acha angalau upana mmoja na nusu wa nguzo, bora miwili, kati ya buibui na sehemu unayotaka kusoma. Rangi nyekundu (ya mkazo mkubwa) pale pale kwenye buibui usiisome. Hakikisha pia mhimili wa bimu umeelekea sawa, kwa skwea paipu hutaona kosa ila kwa chaneli (chuma chenye umbo la U) utaumia.

Kabla ya kugusa mnara fanya jaribio la nguzo moja, tafadhali sana. Urefu mita 3, chini imefungwa, sentimita 30 za chini solidi, juu yake bimu, kileleni nyutoni 1000 za pembeni. I ya paipu hili (kipimo cha umbo lake kukataa kupinda) ni kama mm⁴ milioni 2.87, E (ugumu wa chuma) weka 200000 N/mm², P ni mzigo na L ni urefu, kwa PL³ kugawanya 3EI kilele kinatakiwa kisogee mm 15.7 hivi, na sentimita 15 toka chini mkazo wa uso wa nje uwe karibu na 50 N/mm². Ukipata namba kubwa kupita hapo, au programu ikigoma, kiungo kimelegea. Ukipata 15.5 au 15.8 endelea na mnara, na baada ya kurun jumlisha nguvu za miguu yote minne uone kama zinarudisha uzito wote uliouweka juu.