Somo: Kuuma kucha, kuchungulia simu na mazoea mengine yanayoletwa na wasiwasi

Wakuu, naandika hili mara moja ili nisiendelee kulijibu kila siku. Swali hubadilika sura tu: "nimeshindwa kuacha kuuma kucha", "nikipata wasiwasi nakula hata kama nimeshiba", "nachungulia simu kila dakika nikisubiri jibu", "nauliza watu kama wamenikasirikia mpaka wananikasirikia kweli". Jibu ni moja, ila ni refu. Mimi si daktari. Nimeishi na wasiwasi muda mrefu, nimepitia tiba ya mazungumzo, na nimesoma kwa sababu nilitaka kujua kwa nini mambo haya hufanya kazi. Ukiuliza kilichoandikwa hapa chini, nitakutajia namba ya hatua na kupita.

Kwanza jambo ambalo wengi huliruka: zoea lako lina kazi linayokufanyia, ndiyo maana haliondoki. Wasiwasi ukipanda, ukauma ukucha, ukawasha sigara au ukaghairi safari, mwili unapata nafuu papo hapo. Ubongo haujali madhara ya kesho, unashika kile kilichokutuliza sasa. Mwanasaikolojia wa Marekani O. H. Mowrer alilieleza hilo mwaka 1947: hofu hujifunzwa, kisha kuikimbia huifanya idumu, maana anayekimbia hapati nafasi ya kuona kwamba alichokiogopa hakikutokea. Nafuu hiyo ni mkopo wenye riba kali. Na kujitukana ("mimi sina nidhamu") hakusaidii, kunaongeza wasiwasi, na wasiwasi ndio unaolisha zoea.

Hatua ya 1. Chagua zoea moja. Moja tu.

Hatua ya 2. Kwa wiki moja usibadilishe chochote, andika tu. Saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, mwili ulikuwaje kabla (kifua kubana, taya kukaza, mkono kupanda usoni). Wengine huanza kupunguza zoea kwa sababu tu ya kuliandika.

Hatua ya 3. Angalia vinavyochochea mwili. Kafeini huchukua takriban saa 5 kwa nusu yake kuondoka mwilini, na kwa wengine zaidi, kwa hiyo kikombe cha jioni bado kiko nawe usiku. Moyo kwenda mbio kwa sababu ya kafeini na moyo kwenda mbio kwa sababu ya hofu, ubongo hautofautishi. Nikotini nayo inadanganya: anayevuta hudhani sigara inamtuliza, kumbe sehemu kubwa ya kile inachotuliza ni kiu ya sigara iliyotangulia. Usingizi sina haja ya kuueleza.

Hatua ya 4. Weka kitendo mbadala. Njia hii ilitangazwa na wanasaikolojia Nathan Azrin na R. Gregory Nunn mwaka 1973, na bado ndiyo inayotumika kwa kuuma kucha, kunyonyoa nywele na kubandua ngozi. Ukihisi mkono unaanza safari, fanya kitu ambacho hakiwezi kufanyika pamoja na zoea: kunja ngumi taratibu, au bana viganja kati ya magoti, kwa dakika 1 hadi 3. Kiwe kitendo ambacho hata mbele za watu hakuna atakayekishangaa, la sivyo hutakifanya.

Hatua ya 5. Kaa na wasiwasi bila kuufukuza. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo karibu kila anayeniandikia anapoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Ukishazuia zoea, wasiwasi hautaondoka. Utapanda kwanza. Hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka hata usipoipa kitu. Kazi yako ni kuwepo mpaka ishuke, ukiwa unaendelea na ulichokuwa unafanya. Kosa langu lilikuwa kubadilisha zoea kwa zoea. Kucha zilipona vizuri, watu wakasifia, huku mimi nimeanza kumuuliza kila aliye karibu, "Unadhani itakuwa sawa? Una uhakika?" Nilijiona nimeshinda kwa sababu kuuliza hakuachi alama kwenye vidole. Wasiwasi ulikuwa uleule, umehama nyumba tu. Kwa hiyo zoea lako likipungua haraka mno, kagua: unasoma dalili mtandaoni? Unarudia kusoma ujumbe uliokwisha kutuma? Unajirudishia mazungumzo kichwani? Mazoea ya kichwani nayo ni mazoea.

Tahadhari:
– Usianze na hofu yako kubwa kuliko zote. Anza na inayokusumbua kiasi.
– Kupumua polepole ni kuzuri (karibu pumzi 6 kwa dakika, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta). Lakini ukipumua huku ukijikagua kila sekunde, "imeondoka? imeondoka?", basi umegeuza pumzi kuwa njia nyingine ya kukimbia. Pumua, kisha rudi kwenye shughuli ukiwa bado na wasiwasi wako.
– Ukishindwa katikati, usilipize kwa kujinyima kitu. Andika, endelea.

Hatua ya 6. Tenga muda wa wasiwasi. Mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliijaribu njia hii mwaka 1983: nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale. Wazo likija nje ya muda huo, liandike kwa maneno machache na ulisubirishe. Pasiwe kitandani.

Hatua ya 7. Rudia. Ile habari kwamba zoea hujengwa kwa siku 21 iacheni. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wanajenga mazoea mapya, na muda wa kuzoea ulitoka siku 18 hadi 254, katikati yake ikiwa siku 66. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Wakati wa kwenda kwa mtaalamu. Kuna dodoso la maswali 7 liitwalo GAD-7, linalouliza hali yako ya wiki 2 zilizopita. Alama ni 0 hadi 21, na kuanzia 10 inafaa ukamwone mtaalamu. Alama si utambuzi wa ugonjwa. Nenda pia kama mikono inatetemeka, unapungua uzito bila sababu na moyo unakwenda mbio hata ukiwa umetulia, kwa sababu tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hufanana sana na wasiwasi, na hupimwa kwa damu. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, acha kusoma hapa, mwambie mtu leo na ufike hospitali.

MASWALI YA WANACHAMA

Haraka Haraka: Mkuu uzi mrefu sana. Kwa kifupi nitumie dawa gani?

Mtoa mada: Dawa huandikwa na daktari aliyekuona. Kwa kifupi: hatua ya 1.

Kucha Fupi: Asante kwa somo. Tatizo langu ni kwamba nauma bila kujua. Nashtuka damu imeshatoka. Hicho kitendo mbadala nitakiweka wapi kama sijui nimeanza saa ngapi?

Mtoa mada: Swali zuri, na ndiyo sababu hatua ya 2 iko kabla ya ya 4. Wengi hawaanzi kwa kuuma. Huanza kwa kidole gumba kupapasa kingo za kucha nyingine, kikitafuta penye mkwaruzo. Kikipata, mkono unapanda. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Moja, kaa mbele ya kioo uigize mwendo wote polepole, bila kuuma, ujue unapita wapi: pajani, kidevuni, mdomoni. Ukishaujua utaanza kuukamata njiani. Mbili, ondoa mkwaruzo. Sugua kucha ziwe laini, funga plasta kwenye kidole unachokipenda zaidi. Rangi chungu za kucha nazo husaidia wengine, si kwa sababu ya uchungu tu bali kwa sababu zinakuamsha. Kama kuna mtu nyumbani unayemwamini, mkubaliane neno moja la kukushtua. Neno moja, lisiwe hotuba.

Chuma cha Pua: Haya ni mambo ya kujiendekeza. Jikaze, usiwaze, basi.

Mtoa mada: Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila anapowajia. Kengele ziligongwa. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi ya wale ambao hawakuzuiwa tangu mwanzo. "Usiwaze" imeshajaribiwa, kaka. Kama kwako inafanya kazi, hongera, huu uzi si wako.

Bundi: Mimi hunijia ghafla usiku. Moyo mbio, vidole ganzi, midomo inawasha, naona kabisa nakufa. Niliambiwa nipumulie kwenye mfuko wa karatasi. Ni kweli?

Mtoa mada: Pole sana. Mfuko achana nao. Ukipumua haraka na kwa nguvu unatoa kaboni dioksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na hiyo ndiyo huleta ganzi na kizunguzungu. Mfuko ulikusudiwa kuirudisha, ila kama tatizo lako kumbe ni pumu au moyo, unaweza kukudhuru. Punguza kasi ya pumzi tu. Mshtuko wa hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka. Unatisha mno, lakini wenyewe hauui. Sharti moja: kama hujawahi kupimwa, au kuna maumivu ya kifua, nenda ukapimwe kwanza. Usijitangazie mwenyewe kwamba ni wasiwasi.

Bundi: Nilipimwa, moyo mzima. Sasa naogopa kulala kwa kuhofia utanijia tena.

Mtoa mada: Hiyo hofu ya hofu ndiyo inayoendesha mchezo wote. Ukichelewa kulala kwa makusudi, umeshaanza kukimbia. Kwa hali yako ningetafuta mtaalamu wa tiba ya mazungumzo. Kuna mazoezi ambayo unauzoesha mwili mapigo ya haraka kwa makusudi, mfano kupanda ngazi mbio, ili moyo ukidunda usiwe habari tena. Yafanye ukiwa na mtu anayeyajua.

Nimeamua: Uzi umenigusa. Nakunywa kila siku kutuliza akili. Kuanzia leo naacha pombe kabisa, na vile vidonge vya kutuliza vya diazepam namwaga chooni.

Mtoa mada: HAPANA. Soma hili kabla hujafanya lolote. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa. Diazepam na dawa za jamii yake ni hivyohivyo kama umezitumia muda mrefu: hupunguzwa kidogokidogo chini ya daktari. Mwambie daktari ukweli wa kiasi unachokunywa, usikipunguze. Uamuzi wako ni mzuri, utekelezaji ndio unahitaji msaada.

Nimeamua: Nimekuelewa. Naenda kesho asubuhi.

Mke wa Mtu: Dada au kaka, sijui jinsia yako. Mimi ndiye ninayeulizwa. Mume wangu huniuliza mara nyingi kwa siku kama nina hasira naye. Nikimjibu hapana, anatulia kidogo, anauliza tena. Nisipojibu anaumia. Nifanyeje?

Mtoa mada: Dada yangu, asante kwa kuleta upande huo. Kila "hapana" unayompa ni ile nafuu ya papo hapo. Usiikate ghafla bila kumwambia, ataona umebadilika. Kaeni siku mkiwa mmetulia wote wawili, mkubaliane: swali hilo utalijibu mara moja. Mara ya pili utasema kitu mlichokiandaa pamoja, mfano, "Hilo ni swali la wasiwasi, na mimi nipo hapa." Unabaki naye, humkimbii, ila hujibu. Siku za kwanza zitakuwa ngumu kwenu wote. Na kama kweli umekasirika siku hiyo, mwambie umekasirika, la sivyo jibu lako la mara moja halitakuwa na thamani.

Haraka Haraka: Nimesoma sasa. Zoea langu ni simu. Ngumi nitaikunjaje nikiwa nimeshika simu?

Mtoa mada: Umeona, ukisoma unauliza vizuri. Kwa simu, ifanye iwe mbali: zima arifa zote zisizotoka kwa binadamu, ichaji chumba kingine usiku, na mchana iweke mahali ambapo lazima usimame kuifuata. Ule muda wa kusimama ndio nafasi yako ya hatua ya 5.

Bundi: Nikiiacha chumba kingine nitaamkaje? Nikiweka saa ya mezani nitakuwa naiangalia usiku kucha.

Mtoa mada: Igeuze uso ukutani. Kuangalia saa usiku nako ni kukagua. Itakuamsha kwa mlio, huhitaji kuiona.